Sili ya pampu ya maji ya guta: ipi ununue, na kwa nini usikubali kuuziwa nusu

Malalamiko mnayoniletea ni yale yale. Guta linavuja maji chini ya injini, fundi anafungua pampu, anabadilisha sili, guta linarudi kazini, na mwezi haujaisha maji yanadondoka pale pale. Mwenye guta anamlaumu fundi, fundi anailaumu spea, muuza spea anasema fundi hajui kufunga. Nimezunguka maduka ya Gerezani na Kariakoo nikiomba kufunguliwa pakiti, na kwa sehemu kubwa mafundi nawatetea. Wanaletewa nusu ya sili.

Naongelea pikipiki za miguu mitatu za mizigo, wengine mnaziita toyo, zile zenye rejeta. Boxer na TVS HLX zinapoozwa kwa upepo, hazina pampu hii kabisa, kwa hiyo mwenye nazo hapa hana cha kununua. Mwenye pikipiki kubwa yenye rejeta asome, yanamhusu.

Sasa hiyo nusu. Sili inayozuia maji, ambayo madukani huitwa mekanika sili, ina vipande viwili. Kwa pampu nyingi kipande cha kwanza kina springi na pete nyeusi ya kaboni, na hiki ndicho kinachogongewa kwenye nyumba ya pampu. Cha pili ni pete ya kauri, nyeupe au ya kijivu, iliyovishwa mpira, inakaa mgongoni mwa panga la pampu, lile linalosukuma maji, na kuzunguka nalo. Kinachozuia maji ni nyuso hizo mbili, kaboni na kauri, zilizosawazishwa mno na kukandamizwa na springi. Kaboni inajinoa kufuata kauri. Ukiweka kaboni mpya juu ya kauri iliyokwisha kuchimbika, hazikutani sawasawa, na maji yatapata njia.

Fundi mmoja wa Mbagala alinipa pete ya kauri aliyoitoa kwenye guta ambalo sili yake ilikuwa imebadilishwa muda mfupi kabla. Kwa macho ilikuwa inang'aa, hata mimi ningesema bado nzima. Nilipopitisha ukucha kutoka ukingoni kwenda katikati, ukucha ulikwama kwenye kijimfereji kinachozunguka pete yote, na upande mmoja kulikuwa na ganda gumu jeupe la chumvi. Hiyo ndiyo kauri iliyoachwa ndani, kwa sababu pakiti iliyonunuliwa ilikuwa na kipande cha springi peke yake. Niliporudi madukani kuuliza, nikajibiwa kwa kujiamini kabisa kwamba "ile ya nyuma huwa haiharibiki." Inaharibika. Nimeishika mkononi.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza, ambacho sitakilegeza kwa bei yoyote, ni kwamba pakiti ifunguliwe kaunta na vipande vyote viwili vionekane. Muuzaji akikataa kufungua, nenda duka la pili.

Kabla hujanunua chochote, tazama chini ya nyumba ya pampu. Kuna kijitundu kidogo, kiko kati ya sili ya maji na oili sili, yaani sili inayozuia oili ya injini, na kimewekwa makusudi ili kitoe taarifa. Yakidondoka maji, mekanika sili imekwisha. Ikidondoka oili, oili sili imekwisha. Vikidondoka vyote, au oili ya injini imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena mpaka pampu ifunguliwe na oili imwagwe, maana oili iliyochanganyika na maji inakula beringi za injini. Na nawaomba sana, msimruhusu mtu akizibe hicho kijitundu kwa gundi ya chuma. Nimeviona vimezibwa. Maji yakikosa pa kutokea yanasukuma oili sili na kuingia kwenye injini, na hapo mtu aliyekuwa anahitaji sili ndogo anaanza kutafuta hela ya kushusha injini nzima.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni kununua vitu vitatu kwa pamoja: mekanika sili kamili yenye kauri yake, oili sili ya NOK, na oringi mpya ya mfuniko, ile pete ya mpira. NOK ni kampuni ya Japani na mimi ni mtu wa NOK, sifichi. Napenda kwamba vipimo vimeandikwa kwenye sili yenyewe kwa milimita: tundu la ndani, upana wa nje, unene. Sili iliyoandikwa 12 22 7 inaingia kwenye shafti ya milimita 12, hakuna kubahatisha. Herufi TC maana yake ina mdomo wa pili wa kuzuia uchafu, SC haina. Kwa guta linalopita kwenye matope ya mvua za masika, chukua TC kama nafasi inaruhusu. Ukiulizwa aina ya mpira, NBR ndio wa kawaida na unatosha kwa joto la oili ya guta lisilochemka. FKM unavumilia joto kubwa zaidi, na ukiupata kwa kipimo chako uchukue. NOK feki zipo. Tazama kama maandishi yametoka pamoja na mpira wenyewe. Wino unaofutika kwa kidole ni dalili mbaya, na springi nyembamba iliyo ndani ya mdomo isiwe na kutu wala isitoke kwa kuguswa.

Magari haya yana injini za viwanda tofauti, na guta mbili zinazofanana kwa rangi zinaweza kuwa na pampu tofauti. Usiende dukani na jina la guta. Nenda na sili ya zamani mfukoni, na shafti ipimwe kwa venia, kile kipimo cha milimita cha mafundi. Zipo pampu ambazo hazina mekanika sili kabisa, zina oili sili mbili zilizopeana mgongo. Mwenye hiyo aangalie zaidi shafti, maana mdomo wa sili ukichimba shafti, sili mpya itakaa kwenye mfereji ule ule na kuvuja.

Wenye Honda kubwa mna bahati. Honda wametumia mekanika sili moja kwenye modeli nyingi, namba yake ni 19217-657-023, nayo huja na vipande vyote viwili. Linganisha na kitabu cha spea cha modeli yako, kisha agiza kwa namba. Natamani kila mtengenezaji angefanya hivyo.

Namba mbili ni pampu nzima. Sikuiweka juu kwa sababu ni ghali kuliko sili na mara nyingi unanunua chuma ambacho tayari unacho. Lakini shika panga la pampu, litikise juu na chini. Likicheza, beringi imekwisha, na sili yoyote utakayoweka itakufa mapema. Hapo nunua nzima. Kaunta izungushe kwa vidole: izunguke kwa uzito kidogo, bila kukwaruza.

Namba tatu ni seti ya sili ya kwenye boksi isiyo na jina. Kama kauri imo, ichukue, ila oili sili yake weka pembeni na ununue ya NOK.

Sili za kumwagwa kwenye beseni bila pakiti, na pampu za mtumba, sizipangii namba. Nyuso za kaboni zikigongana kwenye beseni zimeshaharibika kabla hujalipa.

Ukishanunua, kazi ya fundi ina masharti. Nyuso za kaboni na kauri zisiguswe kwa vidole vyenye grisi, wala zisipakwe silikoni. Sili ya springi ishindiliwe kwa soketi inayokaa kwenye ukingo wake wa nje, isigongwe katikati. Na injini isiwashwe kavu "kusikiliza," hata kidogo, kwa sababu maji ndiyo yanayolainisha hizo nyuso mbili.

Maji nayo. Wengi wetu Dar es Salaam tunaishi kwa maji ya visima yenye chumvi, na hayo hayo ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta. Lile ganda jeupe kwenye kauri niliyoishika lilitoka huko. Tumia kulanti, maji maalumu ya kupoozea injini. Ukikosa kabisa, weka maji yaliyochujwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, yale yasiyo na asidi, kisha utafute kulanti. Kwenye lebo tafuta isiyo na silikati. Vitabu vya Honda vinaonya wazi kwamba silikati inaweza kumaliza sili za pampu mapema. Kulanti ya rangi nzuri isiyo na lebo inayosomeka iache dukani.

Kinachoniuma zaidi ni bei na namna tunavyouziwa. Sili ile ile, pakiti ile ile, ina bei nyingine ukivuka barabara, na inapanda ukifika na sare ya kazi yenye oili, kwa sababu wanajua guta limelala na huwezi kusubiri. Kisha unaulizwa: "Na risiti au bila risiti?" Ukitaka ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei inaongezeka, na bila risiti huna pa kurudi sili ikivuja. Dai risiti, na mwambie aandike kipimo cha sili juu yake, siyo neno "spea" tu.

Na kwenu waagizaji: guta mnaleta kwa kontena, pampu nzima mnaleta kwa kontena, lakini mekanika sili kamili kwa namba yake tunaitafuta duka hadi duka. Mtu anabeba mchele, mbao na maji ya watu kwa chombo hicho, anasomesha watoto kwa chombo hicho. Leteni sili yenye kauri, iandikwe ni ya injini gani na kipimo chake, iuzwe peke yake.