Mshauri wa mifumo aliyeanza na daftari la madeni

Nauza vifaa vya umeme kwa jumla Kariakoo, tawi lipo Mbagala. Nilimwita mshauri wa TEHAMA nikijua atanipigia debe la kompyuta mpya. Siku ya kwanza hakugusa hata waya. Aliomba daftari la madeni, akalifunua taratibu, kisha: "Bosi, mwakani unataka kuuza zaidi au kukusanya unachodai?" Nikakwama. Kumbe programu niliyokuwa naimezea mate ni ya mauzo, na hela yangu yote imelala kwa mafundi! Tukaanza na madeni, halafu stoo. Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, tukaiacha ilivyo. Ila ripoti ilichelewa wiki 3, kurasa 40, Kiingereza kitupu. Mtunza stoo anaiwekea kikombe cha chai. Nyota 4.