Kontena la kujengea nyumba Unguja: lipi la kwanza, lipi la kuliacha

Muuzaji wa makontena atakuuliza kwanza: futi 20 au futi 40? Kwa anayetaka nyumba ya kuishi hapa mjini, suala kubwa ni jengine: kutoka sakafuni mpaka darini pana kimo gani? Joto la kaskazi likishika, hicho ndicho kinachoamua kama utalala ndani au utahamia barazani.

1. Futi 40 la kimo cha ziada, lililotumika. Ndani lina kimo cha kama mita 2.69, la kawaida lina 2.39. Tofauti hiyo huioni dukani, unaiona siku ya kupiga dari. Povu la kuzuia joto, mbao za dari na sakafu mpya vinaweza kula sentimita 12. La kawaida linabaki na mita 2.27, na hapo feni ya dari usahau. Hili la kwanza linapokea feni ya shingo fupi, japo kanzu utaivulia pembeni, mikono isije ikagusa feni. Eneo la ndani ni kama mita za mraba 28, lakini upana ni mita 2.35 tu kabla hujaweka povu kutani, ndiyo maana wengi huunganisha mawili ubavuni.

Tatizo lake ni njia. Lina urefu wa mita 12.19, na lori linalolibeba linahitaji nafasi ya kugeuka. Fumba au Tunguu pengine utafika. Vichochoro vya Ng'ambo havilipokei. Tembea njia nzima na futi ya kupimia kabla hujatoa hata senti, na utazame juu pia, maana nyaya za umeme hazimpishi mtu.

2. Futi 20 la kawaida. Hili ndilo la kiwanja kilichobanwa. Likiwa tupu lina uzito wa tani 2 na ushei, hivyo kreni ndogo hulimudu. Eneo ni karibu mita za mraba 14: chumba na choo, basi. Feni iwe ya ukutani.

3. La safari moja. Jipya kwa kweli, limebeba mzigo mara moja tu. Limenyooka, milango inafunga, ila bei iko juu. Linunue ukitaka chuma kionekane nje. Ukikusudia kulifunika lote kwa mbao, unalipia rangi isiyoonekana.

4. La friji. Linavutia kwa sababu kuta zina povu tayari. Nimeliweka chini kwa ajili ya madirisha: kila unapokata unafungua povu lililobanwa baina ya bati mbili, na maji yakipenya kutu inafanya kazi yake bila kuonekana. Kwa ghala, sawa.

Lililotobolewa na kutu chini liache, hata likiuzwa bei ya bati chakavu.

Ukaguzi haumtaki fundi bingwa. Ingia, mwambie mwenzio afunge milango, utafute nukta za mwanga. Kisha inama utazame boriti za chini. Chuma cha makontena hutengeneza kutu ya juu inayokilinda, lakini hewa ya chumvi haiiachi kinga hiyo itulie, kwa hiyo rangi ya kuzuia kutu ni lazima. Uliza lilibeba nini. Mbao za sakafu kwa kawaida hutiwa dawa ya wadudu. Mimi ningezing'oa nikiwa na watoto wanaotambaa.

Uzito wa kontena huishia kwenye nguzo nne za pembeni, na kuta za bati husaidia kulikaza. Ukikata ukuta kwa dirisha pana, fundi achomelee fremu ya chuma kuzunguka tundu. Juu weka paa la pili la mabati au makuti, lililoinuliwa ili upepo upite katikati. Bila paa hilo, povu pekee halitashinda jua, na maungio ya makontena mawili yatavuja masika.

Kibali cha ujenzi kitafute kabla ya kulipa. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, usiuweke kwenye hesabu kabisa. Walio Pemba waulize kwanza gharama ya meli na kreni ya kushushia, kwani futi 20 mbili zinaweza kuwafaa kuliko futi 40 moja.