Dawa ya madoa meupe: samaki wamepona, konokono na uduvi nimezika wote

Nyota 2 kati ya 5, na hizo 2 ni za samaki tu.

Wiki 3 zilizopita samaki wangu waliota vile vidoa vyeupe kama wamenyunyiziwa chumvi, nikakimbilia duka moja la vitu vya samaki hapa Kampala (jina nalificha, sitaki kuharibia mtu biashara), jamaa akanipa kachupa ka maji ya bluu, shilingi 25,000. Nikamwambia kwenye tangi nina konokono na uduvi pia, akasema "ssebo weka tu, haina shida". Nikaweka matone kama karatasi inavyosema, wala sikuzidisha.

Kwa samaki sina malalamiko, siku ya 6 hata doa moja huoni.

Sasa hao wengine! Asubuhi yake nakuta konokono wamepanda kioo wametoka kabisa majini, wamejibana juu karibu na mfuniko, mi nacheka nadhani wanatembea kumbe wanakimbia. Nikawarudisha kwa mkono wangu mwenyewe, hiyo ndo inaniuma mpaka leo. Uduvi nilipewa na mvuvi pale Ggaba, wale wadogo wa Ziwa Victoria walio kama kioo unaona mpaka utumbo, wote wakageuka weupe kama wamechemshwa, wanapiga mkia mara moja moja, jioni kimya.

Ndo nikawasha tochi ya simu nikasoma yale maandishi ya kisisimizi nyuma ya chupa. Mrututu! Shaba kabisa. Na mi mtoto wa Kasese, nimekulia jirani na mto Nyamwamba, Kilembe walichimba shaba kuanzia 1956 mpaka 1982 na mabaki bado yamerundikana kando ya mto, mafuriko yakija yanayasomba kuelekea Ziwa George, habari za shaba kwenye maji nimezisikia tangu navaa kaptula halafu naimwaga mwenyewe nyumbani kwangu.

Wala si siri, zamani mrututu ndio ulikuwa unamwagwa kwenye mifereji huko Misri na Sudan kuua konokono wa kichocho. Cha ajabu damu ya uduvi yenyewe inabeba hewa kwa kutumia shaba, kama yetu inavyotumia chuma, ila ikizidi kidogo tu kwenye maji inashika matamvua anayopumulia, mdudu anashindwa kuvuta chumvi toka majini na ile ya mwilini inamtoka, basi. Samaki mkubwa anavumilia kiasi ambacho kinamaliza uduvi. Na mi nilijiongezea balaa, tangi langu ni maji ya mvua, laini kabisa, na kwenye maji laini shaba inauma zaidi kuliko kwenye maji magumu yenye chokaa.

Nimebadilisha maji mara 4 na kuweka mkaa wa kuchujia, lakini shaba inajificha kwenye mchanga. Juzi nimejaribu konokono mmoja, kajifungia ndani ya gamba mpaka saa hii hajatoa hata pembe. Mchanga wote naung'oa wikendi.

Chupa imebaki zaidi ya nusu. Kwenye mtaro siimwagi, huku Namuwongo kila kitu kinaishia mfereji wa Nakivubo kisha ziwani. Mwenye samaki watupu, bila konokono hata mmoja, aje achukue bure.