Aroma ya ndizi: kichupa kidogo nilichokijaribu jikoni Bukavu

Kichupa cha mililita 30 nilichonunua kwa faranga 3,000 katika duka moja la vifaa vya keki karibu na soko la Kadutu kimenitumikia miezi miwili, na nimekipenda, ingawa siku ya kwanza kilinitia hasara. Nilidondosha matone sita katika unga wa keki ya mteja nikaiingiza kwenye oveni. Nyumba nzima ilinukia ndizi mbivu, lakini keki ilipopoa, harufu haikubaki. Kiini cha aroma hii ni asetati ya isoamili, esta, yaani kemikali inayotokana na muungano wa asidi ya siki na alkoholi ya isoamili. Huchemka kwenye nyuzi 142 za selsiasi, lakini hupaa hewani hata katika joto la kawaida, ndiyo maana sisi wa nyumbani tuliinusa yote na mteja hakupata kitu.

Tangu hapo naitia tu katika vitu visivyorudi motoni, yaani krimu ya kupaka juu ya keki na maziwa ya mgando, na humo haina mpinzani. Matone mawili yanatosha lita nzima ya maziwa. Nilipoongeza hadi manne, utamu uligeuka ukali unaopanda puani kama vanishi mbichi, na kumbe kimiminika hichohicho hutumiwa kuyeyusha vanishi na rangi. Anayejua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hataiona harufu hii kuwa ngeni, kwa kuwa chachu huitengeneza yenyewe pombe inapochachuka.

Ninalolilaumu ni lebo. Ina picha ya ndizi na neno moja tu, haisemi idadi ya matone wala haionyi kwamba kilichomo hushika moto upesi, ilhali wengi wetu tunapika kwa makala, yaani makaa, na mbabula, jiko lake, huwa hatua moja tu kutoka meza ya kukandia. Duka lingeweza angalau kumwambia mnunuzi kwa mdomo.

Jambo jingine linawahusu wenye mizinga. Mwaka 1962 watafiti walionyesha kwamba nyuki anapouma, mwiba wake hutoa asetati hiyohiyo, na wenzake wakiinusa huja kushambulia. Kwa hiyo nikienda Kabare kwa mjomba wangu anayefuga nyuki, kwanza nanawa mikono kwa sabuni, na kichupa nakiacha kabatini.