Kinu cha akiki cha Kariakoo: kwa tope la Aktiki kinafaa sana

Wengi tunaijua akiki kwenye pete. Mimi nimeinunua ikiwa kinu, mdomo wa sentimita 8, kwenye duka la vifaa vya maabara za shule pale Kariakoo, laki moja na themanini baada ya kuvutana bei. Kabla ya kutoa hela niliomba msumari. "Dada, hilo jiwe tupu, si kioo," muuzaji akasema, ila alinipa. Nikakwaruza kitako: msumari ndio ulioacha rangi yake, jiwe halikuguswa. Nikakimulika kwa tochi ya simu, mistari ikaonekana, viputo hakuna. Nikalipa.

Kazi yangu ni kusaga mashapo, yaani tope lililotuama chini ya bahari kuu, kabla hayajaenda kwenye mashine ya eksirei inayotambua madini. Haya ya sasa yametoka ghala la Bremen, Ujerumani, yanakotunzwa mashapo yaliyochimbwa mwaka 2004 kwenye safu ya milima ya Lomonosov iliyo chini ya Bahari ya Aktiki, kilomita 250 hivi kutoka Ncha ya Kaskazini. Sampuli ni kifuko kidogo tu, ukiiharibu ndiyo basi. Kinu cha kauri tulichokuwa nacho kilishasagia kaolini, ule udongo mweupe wa Pugu, na mikwaruzo yake haitoki weupe hata usugue vipi. Kaolini huzaliwa zaidi kwenye joto na mvua nyingi. Ikijitokeza kwenye tope la Aktiki, mtu atasema barafu imeileta kutoka miamba ya kale ya Franz Josef Land, kumbe imepanda daladala kutoka Pugu! Akiki uso wake ni laini, ukipangusa hakibaki kitu. Hilo peke yake limenirudishia hela yangu.

Ukikitumia, zima feni kwanza, jasho livumilie, la sivyo unga wote utahamia sakafuni. Tia matone ya ethanoli, zungusha mchi taratibu. Humu hatutwangi: ukigonga kinapasuka. Na ukisaga kukavu kwa muda mrefu unavuruga fuwele za smektiti, aina ya madini ya udongo, ambazo ndizo hutuonyesha kama tope lilitoka upande wa Bahari ya Kara. Utasikia chembe za mchanga zikilia chini ya mchi. Nyingi zilisafiri ndani ya barafu, ikayeyuka, zikazama. Saga mpaka mlio uishe.

Kusafisha ni kwa mchanga safi wa kwatsi, yale madini magumu ya mchanga, na ethanoli. Wa Coco Beach usiuchote, una vipande vya kombe, utapata kalisiti, madini ya makombe, isiyo yako. Kukikausha kwenye oveni usithubutu.

Kasoro ipo. Akiki yenyewe ni silika, kitu kilekile kinachounda kwatsi, kwa hiyo kinacholika kidogo kidogo kwenye kinu mashine inakisoma kama kwatsi. Tope langu limejaa kwatsi, halina neno. Anayesaga tope la diatomu, mwani wadogo sana wa baharini, kutoka kandokando ya Antaktika, lenye kwatsi kidogo mno, atafute kinu kingine. Halafu mchi ni mfupi, vidole vinakufa ganzi. Nyota nne.