Usiku mmoja una saa ngapi? Hoteli ya kifahari, hoteli ya bei ndogo na kadi za pointi

Siku ya harusi ya binti wa kaka yangu, huko Kinshasa, nilivalia chooni. Kilikuwa choo cha hoteli ya nyota tano, chini ya ngazi za ukumbini, chenye marumaru na vitaulo vidogo vilivyokunjwa kama sambusa. Nilisimama juu ya viatu vyangu ili pindo la gauni la kitenge lisiguse maji sakafuni, mkono mmoja ukutani, wa pili ukitafuta zipu ya mgongoni. Mama mmoja aliyeingia kunawa ndiye aliyenifungia. Hakuuliza kitu. Nadhani si mimi wa kwanza.

Na wakati huohuo chumba nilichokilipia dola 210 kilikuwa kitupu ghorofani. Niliingia saa tatu usiku, maana ndege ilichelewa kuondoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi. Saa tano asubuhi simu ya chumbani ikalia: "Mama, tunaomba chumba." Sherehe ilikuwa saa tisa. Nikaomba waniachie hadi saa nane tu. Kijana wa mapokezi akasema, kwa adabu zote, kwamba inawezekana kwa nusu ya bei ya usiku. Dola 105 za kuvaa gauni! Nikatoa kadi yangu ya mteja mwaminifu, ninayoitunza kama kadi ya kura. Akaiangalia, akaangalia kompyuta. "Mama, ulipitia kwenye tovuti ya watu wa kati. Kwa hiyo kadi haihesabiki."

Kumbe yote niliyoyajua kuhusu kuchagua hoteli yalikuwa mapambo. Ukubwa wa kitanda, bwawa la kuogelea, mayai ya asubuhi, hayo kila mtu anayauliza na kila hoteli inayajibu kwa picha nzuri. Mimi sitayagusa. Kuna jambo moja tu nataka tulihesabu pamoja, nalo ni saa ya kutoka.

Tunasema "nimelipa usiku mmoja" kana kwamba usiku ni kipimo kama kilo. Hoteli nyingi zinakupa chumba kuanzia saa nane au saa tisa mchana, na zinakitaka kabla ya saa sita mchana wa kesho yake. Ukifika mapema na kutoka dakika ya mwisho, umepata saa 21 au 22. Sisi wa Lushi, yaani Lubumbashi, hatufiki mapema. Ndege inachelewa, au umekwama mpakani Kasumbalesa ukisubiri mhuri, unaingia hotelini saa tatu usiku umechoka. Mimi nilipata saa 14 kwa dola 210, yaani dola 15 kila saa, pamoja na saa za kukoroma. Wangeniachia hadi saa kumi alasiri zingekuwa saa 19, na kila saa ingeshuka hadi dola 11. Chumba kilekile, shuka zilezile.

Zile nyumba za Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, zinazokodisha vyumba kwa "pasaji", ambazo watu wa heshima tunapita mbele yake tukiangalia upande mwingine, ndizo peke yake zinazosema ukweli kuhusu biashara hii. Wanakuuliza unataka saa ngapi, wanakutajia bei, basi.

Kwa hiyo nimezipanga njia za kulala kwa kipimo hicho: nani atakuachia chumba mchana, na inakugharimu nini kupata haki hiyo.

Ya kwanza kwangu ni kadi ya kampuni ya hoteli ya Accor, inayoitwa ALL. Nasema mapema kwamba nina upendeleo, anayetaka mizani iliyonyooka aende kwa mwenye duka la dhahabu. Naipenda kwanza kwa sababu iko nyumbani: Pullman Grand Karavia, pale upande wa Golf, ni ya Accor. Kinshasa kuna Pullman pia, na Novotel. Nairobi kuna Pullman, kuna ibis Styles pale Westlands, kuna Fairmont The Norfolk, ambayo imekuwepo tangu 1904. Kadi moja inatembea nawe kote huko.

Sababu ya pili ni kwamba pointi zao zinahesabika kama pesa sokoni. Pointi 2,000 ni euro 40 za punguzo, hakuna uganga. Ukilala Pullman au Novotel kwa daraja la mwanzo unapata pointi 25 kwa kila euro 10. Kwenye ibis unapata nusu yake. Tufanye hesabu: umelipa euro 160, umepata pointi 400, ambazo thamani yake ni euro 8. Asilimia 5. Ndiyo hiyo tu! Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba pointi zitakulipia likizo. Euro 8 ni teksi, tena si ya mbali.

Faida ya kweli iko kwenye daraja la kadi yako. Silver inapatikana kwa kulala mara 10 ndani ya mwaka, au kwa pointi 2,000 za daraja, ambazo kwenye Pullman ni matumizi ya euro 800. Hapo ndipo mtu asiyesafiri sana anapopata upenyo. Mfanyakazi wa mgodi anayelala hotelini kila wiki atafika kwa idadi ya siku. Mimi ninayesafiri mara tatu kwa mwaka nafika kwa pesa: mara nne kulala kwa euro 200, nimemaliza. Ukishakuwa Silver unaweza kuomba kutoka ukiwa umechelewa, nao wanakupa kama chumba hakina mwenye kukisubiri. Gold ni mara 30 au pointi 7,000, na hapo wanaongeza chumba cha ngazi ya juu kikiwepo. Sijafika Gold na sina haraka.

Angalia maneno hayo, "kama chumba hakina mwenye kukisubiri". Hiyo si ahadi. Nimejifunza kuomba usiku ule ninapoingia, siyo asubuhi, na kuomba saa maalumu. Ukisema "nichelewe kidogo" utapewa nusu saa. Ukisema "natoka saa tisa, nina harusi", mtu anaandika saa tisa.

Ubaya wa Accor nautaja kwa sababu umemuuma dada mmoja wa kanisani kwetu: ukikaa siku 365 bila kulala kwao wala kuongeza pointi, zote zinafutwa. Alikuwa na pointi za kutosha kumlipia mama yake usiku mzima. Mwaka ukapita akilea mtoto, akarudi akakuta sifuri. Tukiwa na Pullman hapa mjini hilo lina dawa, ijapokuwa ni dawa ya gharama.

Ya pili ni Marriott Bonvoy, kadi ya hoteli za Marriott, na kwa wanawake wa biashara wa Lushi huenda ikawa ya kwanza, sitabisha sana. Sababu ni Zambia. Hoteli za Protea ni za Marriott tangu 2014, na zipo Ndola na Lusaka, njia yetu ileile ya kununua mizigo. Hawa wanatoa pointi 10 kwa kila dola kwenye hoteli zao nyingi, na pointi zinakaa miezi 24 bila kufa, mara mbili ya Accor. Ukilala siku tano mfululizo kwa pointi, unatozwa nne.

Na saa ya kutoka, jambo langu, wao wameiandika kwa namba. Gold unaruhusiwa hadi saa nane mchana, nafasi ikiwepo. Platinum hadi saa kumi alasiri, na hiyo ni haki yako isipokuwa kwenye hoteli za mapumziko na za mikutano, ambako nako wanaangalia nafasi. Ningewapa nafasi ya kwanza kwa hilo peke yake, ila tazama mlima wenyewe: Gold ni kulala mara 25 kwa mwaka, Platinum ni mara 50. Anayekwenda Ndola siku mbili kila mwezi anafika 24. Mara 24! Anabaki na Silver, ya mara 10, akiomba kama tunavyoomba sote.

Hapa kuna ujanja ambao wenzangu watatu wanautumia. Marriott wanakubali pointi za hadi vyumba vitatu ziingie kwenye kadi moja, mradi mwenye kadi naye amelala pale na ndiye anayelipa. Usiku wa kupandia daraja unahesabiwa mmoja tu, lakini pointi zinaingia zote. Basi wanasafiri pamoja, safari hii vyumba vyote vinaandikwa kwa kadi ya mmoja, safari ijayo kwa kadi ya mwingine, wanarudishiana pesa taslimu. Likelemba kabisa, ule upatu wa kupeana pesa kwa zamu, ila badala ya franga wanapeana pointi. Waligombana mara moja, kama likelemba zote, pale aliyekuwa na zamu alipougua malaria siku ya safari na zamu ikarukwa. Walisuluhishwa na mume wa mmoja wao, ambaye hadi leo haelewi walikuwa wanagombania kitu gani.

Radisson ipo Lusaka na Kigali. Sijalala kwao mara za kutosha kuwapa nafasi kwenye orodha, na sitaki kuwasifu kwa picha.

Ya tatu ni nyumba za wageni na prokure, yaani nyumba za mapadri zinazopokea wageni. Ni safi, bei yake ni robo au chini ya hapo, na mama mwenye nyumba akikupenda utatoka hata saa kumi na moja jioni bila kadi wala daraja. Kwa dola 42 na saa 14, kila saa ni dola 3. Kwa hesabu yangu mwenyewe hizi zingepaswa kushinda, najua, msiniandikie. Lakini jenereta inazimwa saa sita usiku, umeme wa SNEL ukikatika unaoga kwa ndoo, na prokure nyingine zinafunga geti mapema kana kwamba wewe ni mwanafunzi wa bweni. Ukienda kuuza na kununua, sawa. Ukienda harusini, hapana.

Ya mwisho kabisa ni kosa langu: hoteli ya kifahari kupitia tovuti ya watu wa kati. Bei inaonekana ndogo, kwangu ilikuwa chini kwa dola 12. Kwa dola hizo 12 nilipoteza pointi, usiku haukuhesabiwa kwenye daraja, na haki ya kuomba kuchelewa ikaondoka. Sheria hii ni ya Accor na Marriott wote wawili: usipoweka nafasi kwao moja kwa moja, kwa tovuti yao, programu yao au simu, wewe kwa kadi ni mgeni. Tena ukipata shida unarushwa kama mpira. Hoteli inasema piga simu tovuti, tovuti inasema ongea na hoteli. Na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kesho yake mimi niliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri niliamka saa kumi ya kwao, nikakaa kitandani nikisikiliza muziki wa simu ya huduma kwa wateja hadi jua likatoka.

Sasa bei. Nchi hii ina ugonjwa wa kutaja bei isiyo na kodi. Unaambiwa 150 kwa simu, unakubali, unajipangia. Ukifika kaunta inakuwa 174, kwa sababu TVA, yaani VAT, ni asilimia 16 na hakuna aliyeona haja ya kuitamka. Mwuza nyanya wa soko la Kenya akikufanyia hivyo utamwita mwizi mbele ya watu. Mwenye tai akifanya hivyo unatoa pochi. Siku hizi nauliza kwa maneno haya: "Nikitoka pale mlangoni nitakuwa nimelipa ngapi?" Kuna binti mmoja alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika.

Halafu noti. Unajua mambo ya dola kwetu: ikichanika kidogo ukingoni, haina thamani. Siku ile ya harusi, baada ya kuvaa, nilirudi kaunta kulipa maji na chai niliyoletewa chumbani usiku. Nikatoa noti ya 20. Yule kijana akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akanionyesha mpasuko mdogo kuliko punje ya mchele. "Mama, hii hatupokei."

Nikamwambia noti hiyo nilirudishiwa kama chenji usiku uliopita, kwenye kaunta hiyohiyo. Akaniangalia, akaangalia noti, akasema aliyekuwepo usiku ameshamaliza zamu.