King'amuzi changu, usiku wa Emmy, na yule dada wa huduma kwa wateja

Nyota moja. Na hiyo moja nimeitoa kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Kipindi kile cha korona nilikuwa mtu wa sebuleni tu. Kazi imesimama, milango imefungwa, wa kunisemesha ni runinga. Na kusema kweli mastaa hawajawahi kunifurahisha namna ile, hasa wale watangazaji wa vichekesho vya usiku kule Marekani, walioanza kurekodi vipindi wakiwa majumbani kwao. Stephen Colbert alitoa utani wake akiwa ndani ya beseni la kuogea, suti mwilini. Jimmy Fallon alirekodiwa na mkewe sebuleni, mabinti zake wakimparamia katikati ya sentensi kama vile baba ni mti. Trevor Noah alihamia kwenye kochi, nywele zikimea wiki hadi wiki, nami nikawa nazisoma kama kalenda. Hakurudi studio mpaka Septemba 2021. (Mwigizaji Gal Gadot na mastaa wenzake walioimba "Imagine" kipande kipande kwa simu, hao sina habari nao. Wangekaa kimya.)

Nilichokipenda hasa ni zile kelele za nyuma. Mlango unabamizwa, mbwa anabweka, mtoto anadai kitu wakati baba yuko hewani. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Sasa huyu king'amuzi.

Siku chache kabla ya tuzo za Emmy za 2020, zile za runinga za Marekani, nililipia kifurushi kikubwa, kwa ajili ya mwigizaji Zendaya tu. Usiku ukafika. Mshereheshaji, Jimmy Kimmel, akatokea jukwaani, na ukumbi, mungu wangu, umefurika! Watu bega kwa bega, wanacheka, wanapiga makofi, barakoa hakuna hata moja. Nikasimama. Hapo hapo picha ikaganda: Kimmel mdomo wazi, nusu ya uso wake imegeuka vijisanduku vya kijani. Kisha kioo cheusi na maneno mawili: "Hakuna mawimbi."

Nikabaki na hasira mbili. Moja ya kampuni, nyingine ya mastaa. Miezi yote mnatuimbia tukae ndani, kumbe ninyi mnajazana ukumbini? Nililala na kinyongo hicho. Kesho yake ndipo nikajua kwamba ule umati ulikuwa picha za miaka ya nyuma. Muda mfupi baada ya mimi kukatiwa, Kimmel alifichua kwamba ukumbi ni mtupu, vitini kuna mastaa wa kadibodi, na katikati yao mwigizaji Jason Bateman mzimamzima, kajikausha kama kadibodi mwenzao. Utani wote ule, mimi nikaambulia nusu, tena ile nusu ya kukasirisha.

Basi usiku uleule nikapiga huduma kwa wateja. Muziki. "Simu yako ni muhimu kwetu." Muziki tena. Mwishowe akapokea dada mmoja, sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha wengine. Nikaanza kumwaga yote: hela yangu, Zendaya wangu, kampuni yao ya kitapeli. Sijafika mbali, nyuma yake mtoto akaanza kulia. Si kilio cha kudeka; ni kile cha mtoto aliyeamka usiku, akapapasa, akakuta mama hayupo kitandani.

"Samahani kaka, sekunde moja tu." Nikasikia kiganja kimefunika simu, halafu "shii, shii".

Nikamwambia, "Dada, kama una mtoto wa kulea, si ungekaa nyumbani?"

Akanyamaza kidogo. "Niko nyumbani, kaka."

Kisha, sauti ileile, akanielekeza. Chomoa waya wa umeme, subiri, chomeka. Kaza ule wa dishi kwa nyuma. Nisomee namba za kadi. Nikazisoma, naye akazirudia moja moja, mtoto sasa akiwa kifuani kwake maana kwikwi zake nilizisikia karibu kuliko maneno ya mama. Akatuma mawimbi upya. Wapi. Akakiri tatizo liko kwao, mafundi wanalishughulikia. Nikakata bila kuaga. Ujumbe ukaingia papo hapo: kuanzia 1 hadi 10, mhudumu wetu amekuhudumia vipi? Nikabonyeza 1.

Picha ilirudi hafla imekwisha. Zendaya alikuwa ameshashinda, miaka 24, mdogo kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kuchukua ile ya mwigizaji bora wa tamthilia hadi siku hiyo. Nilikuja kumtazama kwenye simu: jina linatajwa, jamaa zake pembeni wanalipuka kwa mayowe. Nikairudia kwa ajili ya mayowe yale tu. Mara ya tatu nikamkumbuka yule dada, nikaifunga.

Wiki kadhaa baadaye, labda mwezi, nikapiga kuuliza kama ile alama yaweza kubadilishwa. Akapokea mwanamume. Mfumo haurudi nyuma, akasema. Nikauliza na saa zangu za kifurushi je? Mfumo haurudi nyuma. Trevor Noah aliwalipa wafanyakazi 25 wa kipindi chake kutoka mfukoni mwake kazi iliposimama, na hawa walishindwa kunirudishia hata siku moja!

Kwa hiyo kampuni ibaki na nyota yake moja, ingawa nakiri bado nawalipa kila mwezi, na picha siku hizi haisumbui sana. Yule dada nampa nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu picha haikurudi kwa wakati.

Ila tatizo lilikuwa kwao, si kwake. Haya, tano.